Kabla ya kununua shajara ya kidijitali ya mfukoni, ijaribu ukiwa umesimama

Vijana wanaoanza kazi ya friji na AC hapa Mombasa huja kuniuliza kuhusu vifaa: geji ipi inunuliwe, pampu ipi ya vakyumu haifi haraka, tochi ipi ya kulehemu. Karibu hakuna anayeuliza atashika vipi miadi, namba za wateja na tarehe za sevisi. Kwangu mimi hilo ndilo linaloamua kama mwakani utakuwa na kazi. Mteja wa Nyali uliyemwahidi Jumanne akakungoja hadi magharibi hana haja ya kujua geji yako ni ya kampuni gani.

Nimebeba shajara ya kielektroniki mfukoni tangu enzi za Palm m100, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya mwaka 2000 iliyokuwa na kifuniko chenye kidirisha cha kutazamia saa. Siku hizi natumia simu. Kifaa kimebadilika, lakini swali la kwanza ninalokiuliza ni lile lile: naweza kuandika kitu ndani yake nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika ngazi, mteja bado anazungumza?

Jeff Hawkins, aliyebuni Palm, alijiuliza swali kama hilo kabla mashine yenyewe haijakuwepo. Alichonga kipande cha ubao kinachoingia mfuko wa shati, akawa anakibeba kila aendako. Mtu akimwomba miadi, alikitoa na kujifanya anaandika. Alitaka kujua atakihitaji wakati gani na kwa jambo gani. Pilot, Palm ya kwanza, ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na vitufe vinne vya mambo manne: tarehe, anwani, kazi za kufanya na maandishi. Ukibonyeza, ukurasa unafunguka papo hapo. Newton ya Apple, shajara iliyotangulia mwaka 1993, ilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa shati, na ilijaribu kusoma mwandiko wa mtu ulivyo, ikawa inakosea mara kwa mara. Palm ilimtaka mtu ajifunze herufi zake, zilizoitwa Graffiti, nyingi zikiandikwa kwa mchoro mmoja bila kuinua kalamu. A ilikuwa V iliyopinduliwa tu, na kwa lugha yetu hii iliyojaa a, mkono ulizoea upesi.

Nawe fanya hivyo hivyo kabla hujatoa pesa. Tembea wiki nzima na kijidaftari, na kila unapokitoa andika umekitoa kwa sababu gani. Fundi mmoja atakuta ni namba za simu, mwingine ni presha alizosoma kwenye geji, na mama anayepika shughuli za harusi atakuta ni idadi ya wageni na nani ametoa malipo ya awali. Ukishajua, nenda dukani ukajaribu jambo lako hilo peke yake. Washa, andika "Tudor, friji, haigandishi, Alhamisi", funga, kisha litafute. Kama umehangaika, basi hutakitumia, hata kiwe na kamera tatu.

Simu nyingi huanguka hapo kwa sababu ya kibodi. Ikiwa imewekwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili italiona kosa na kulibadilisha kimyakimya, na jioni unasoma maandishi yako mwenyewe huyaelewi. Zima usahihishaji wa maneno, au chagua kibodi ya Kiswahili, kwani simu nyingi zinayo. Jambo la dakika chache hili, na ndilo la kwanza ninalofanya kwenye simu ya kijana yeyote ninayemfundisha kazi.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo vifaa hivi vinapoonyesha kwamba havikutengenezewa kwetu. Mama wa Kizingo anakwambia, "Mwanangu, njoo kesho saa tatu, nitakuwa nimesharudi sokoni." Wewe unajibu, "Naam mama," na kidole kinaandika 3:00. Kengele italia saa tisa za usiku, au saa tisa alasiri, kutegemea umegusa wapi. Weka kifaa chako katika mfumo wa saa 24: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00, na hakuna pa kuchanganya. Kisha msomee mteja ulichoandika papo hapo: "Kesho, saa tatu asubuhi, mama." Kifaa kisichokubali saa 24 mimi sikinunui.

Siku nazo zina lao. Kwa wazee wetu wengi, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likishatua, ilhali kalenda ya kifaa hugeuza siku saa sita ya usiku. Mtu akikuita usiku wa Ijumaa, uliza ni usiku wa kuamkia Ijumaa au kuamkia Jumamosi, ndipo uandike. Na usiiwekee Ramadhani rudio la kila mwaka. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Baadhi ya simu huweza kuonyesha tarehe za Hijria kando ya zile za kawaida, na hilo ni jambo la kuulizia dukani. Hata hivyo mwezi wetu unategemea kuandama, kwa hiyo acha nafasi ya siku moja. Wiki kadhaa kabla ya mfungo ndizo nyumba nyingi hutaka friza zao zikaguliwe, na mimi naweka ukumbusho mwezi mzima mbele, kwa mkono, mwaka baada ya mwaka.

Skrini ijaribu juani. Toka nje ya duka adhuhuri uisome. Skrini ya Palm ya zamani haikuwa na rangi na ilitegemea mwanga unaoipiga, hivyo jua la Likoni lilipozidi, maandishi yalizidi kuonekana. Simu za sasa hupigana na jua kwa kuongeza mwangaza, na betri ndiyo inayolipa. Kama kazi yako ni ya paani, tofauti hii utaiona kila siku.

Betri yenyewe: m100 ilitumia mbili ndogo aina ya AAA, zikadumu wiki nyingi, na zilipoisha nyingine zilipatikana dukani. Simu utaichaji kila usiku, na usiku wa stima kupotea ndio huo huo unaokuacha bila ratiba ya kesho. Mimi huandika kazi za kesho kwenye karatasi kila jioni, na powabenki haitoki kwenye mkoba. Kwa wenye vifaa vya betri za kutoa, jueni kwamba hewa ya bahari inayokula kondensa za AC inakula pia vile vibati vya kushikia betri. Ukiona ukijani, sugua taratibu kwa kifutio cha penseli, malizia kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na usirudishe betri mpaka pakauke.

Lililo zito kuliko yote ni nakala. Palm za mwanzo ziliweka kila kitu kwenye memori inayohitaji umeme muda wote, kwa hiyo betri zikikaa nje kupita muda mfupi, kila kitu kinafutika. Kilichowaokoa watu ni HotSync: unaunganisha na kompyuta, unabonyeza kitufe kimoja, na pande zote mbili zinalingana. Mimi naamini hicho ndicho kilichoifanya Palm itumike na watu wa kawaida, maana kutengeneza nakala kulikuwa rahisi kiasi kwamba hakukuwa na sababu ya kuahirisha.

Leo nakala huenda yenyewe mtandaoni, na watu wamelala. Kuna programu ya miadi niliyoitumia ambayo siku moja ilianza kudai ada ya kila mwezi kabla ya kunionyesha orodha ya wateja wangu mwenyewe. Kwa bahati nilikuwa nimeshatoa nakala ya orodha hiyo nje ya programu. Kabla hujajaza namba zote, weka kumi tu, kisha zitoe kama faili la vCard, na miadi kama faili la iCalendar, aina za faili ambazo programu nyingi huzisoma, uvifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Visipofunguka, acha programu hiyo siku hiyo hiyo. Palm ilikuwa kampuni kubwa, HP, kampuni ya kompyuta, ikainunua mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikatangaza kuacha kutengeneza vifaa hivyo. Hakuna kampuni ya kukabidhiwa kazi yako yote bila mlango wa kutokea.

Majina yapange kwa namna utakavyoyatafuta. Nina akina Mohamed wengi na akina Mama Fatuma wengi zaidi. Naanza na mtaa, halafu mashine, jina linafuata. Nikiwa Bamburi naandika "Bamburi" na wateja wote wa huko wananitokea, nawapitia kwa safari moja. Na kwa kuwa ndani mna namba za nyumba, za mageti na nani amelipa kiasi gani, weka namba ya siri. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, lakini hata bila sheria, mtu aliyekufungulia mlango wake amekuamini.

Mtu akikuuzia Palm ya mitumba kwa bei ndogo, uliza kwanza kama ana waya wake, na kama kompyuta yako ina tundu la kuupokea, kwani hizo za mwanzo zilitumia tundu la siriali, tundu la waya la kizamani ambalo kompyuta nyingi za sasa hazina. Kwa anayeanza kazi leo, simu ya bei ya wastani inatosha: kalenda na maandishi yawe kwenye ukurasa wa kwanza, na kengele za programu nyingine zote zizimwe ili ikilia ujue ni kazi. Muuzaji akikataa kukuruhusu uitoe nje ukaisome juani na kuijaribu kwa mkono mmoja, nenda duka linalofuata.