Chupa Nyekundu Chini ya Bati: Maswali Yenu Kuhusu Mvinyo

Tangu nilipogusia zabibu za Dodoma katika safu hii, maswali hayajakatika, kuanzia Shangani ya Mtwara mpaka Newala, mengine kutoka Lindi. Najua wasomaji wengi wa pwani yetu hawanywi kwa sababu ya imani yao, na bado wameuliza, maana kuna wanaouza, wanaohudumu mezani na wanaosindika mabibo, yale matunda ya mkorosho. Nawajibu wote kwa heshima ile ile.

Shikamoo Mama. Nikionja mvinyo mwekundu ulimi unakauka kama nimekula kitu kibichi. Umeharibika, au mimi ndiye siujui?
*Binti mhudumu wa hoteli, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Haujaharibika, na jibu unalo mdomoni tangu utotoni. Kumbuka ukiling'ata bibo: utamu unatangulia, kisha koo linakamatwa na ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi la chaki. Huo ukakasi unaletwa na tanini, na tanini zimo pia katika maganda na mbegu za zabibu. Juisi ya zabibu nyeusi karibu zote haina rangi. Ili uwe mwekundu, juisi huachwa ichachuke pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki tatu, na rangi na tanini hutoka pamoja.

Mimi huwafundisha vijana wa mezani kuonja kwa vitu vitatu vya sokoni kwetu. Bibo ni la kupimia tanini, ukwaju ni wa kupimia uchachu, na zambarau ni ya kupimia tunda. Piga funda moja, jiulize kipi kimetangulia na kipi kimebaki baada ya kumeza. Mgeni akikuuliza mvinyo huu ukoje, utamjibu kwa ulimi wako mwenyewe, si kwa maneno uliyokariri kwenye lebo.

Mama, nina grosari Ligula. Wateja wanataka nieleze tofauti ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, wa Afrika Kusini na wa Ufaransa. Mimi naona zote nyekundu tu.

Swali hili ndilo lililonifanya niketi kuandika, kwa hiyo nivumilie.

Anza na nyumbani. Dodoma iko juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ni kavu, na mzabibu wake haupati baridi ya kuulaza. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, ndiyo maana anavuna mara mbili. Zabibu nyekundu inayojulikana zaidi huko ni Makutupora Nyekundu, iliyopewa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na siku hizi zipo pia Syrah na Cabernet Sauvignon. Jua la namna ile huivisha tunda haraka: sukari inapanda na uchachu unashuka. Kwa hiyo katika glasi zambarau inatangulia, ukwaju ni mdogo, na bibo linategemea aina ya zabibu na mkono wa mtengenezaji. Unywewe ungali mchanga. Kuwa mchanga si kasoro hata kidogo, na inaniuma kusikia mtu akiuita mvinyo wa Dodoma “wa kuanzia” kana kwamba kuna ngazi lazima apande aondoke.

Lipo pia jambo la utamu. Chupa nyingi zinazouzika kwetu ni tamu, na wateja wanaozipenda wasione haya. Ila mtu akiomba “drai”, yaani usio mtamu, usimpe tamu kwa kudhani hatajua. Atajua.

Afrika Kusini wana zabibu yao wenyewe, Pinotage, iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alipopandisha Pinot Noir na Cinsaut. Ina tunda zito na harufu ya moshi kwa mbali. Ukipata Syrah, ambayo wao huiita Shiraz, inuse kabla ya kunywa. Utakutana na pilipili manga, na si mawazo yako, kwani ndani yake mna kiini kile kile cha harufu kinachopatikana katika pilipili manga yenyewe.

Ufaransa usiiweke kapu moja. Ukanda wa Bordeaux hugawanywa na maji: ukingo wa kushoto wa mto Gironde unatawaliwa na Cabernet Sauvignon, yenye bibo kali na uchachu wa kutosha, na ukingo wa kulia unatawaliwa na Merlot, ambayo ni laini zaidi. Burgundy wana Pinot Noir, nyepesi ya rangi hadi unaona vidole vyako ng'ambo ya glasi, lakini harufu yake inakaa chumbani. Beaujolais wana Gamay, tunda tupu, na ule wa msimu huuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Hapo unaona kwamba hata Wafaransa wana mvinyo wa kunywa upesi, na wanausherehekea.

Kwa mteja wako sema hivi: anayepeleka mishikaki ya ng'ombe nyumbani, mpe Syrah. Anayepika pweza wa nazi, mpe mwepesi wenye tanini ndogo, maana bibo kali juu ya pweza huacha ladha ya chuma mdomoni.

Nilipewa chupa ya Bordeaux siku ya harusi yetu mwaka jana. Nataka tuifungue mwaka wa kumi. Nyumba yetu ni ya bati na hatuna chumba cha chini ya ardhi. Nifanyeje?
*Bwana harusi, Chikongola*

Hongereni kwa mwaka wa kwanza. Sasa nikwambie ukweli ambao mimi niliujua kwa hasara. Niliwahi kuweka chupa sita nzuri juu ya kabati la jikoni, nikazisahau Novemba na Desemba. Nilipozishusha, vizibo viwili vilikuwa vimejitokeza nje kidogo na shingo zilikuwa na mchirizi unaonata. Ndani, zambarau yote ilikuwa imegeuka jemu iliyoungua. Nililia, kwa sababu moja ya hizo sita nilikuwa nimemwekea marehemu baba yangu.

Mvinyo unaokomaa vizuri hutaka mahali penye nyuzi 12 hadi 15, pasipo mwanga, pasipo mtikisiko, penye unyevu wa kutosha kizibo kisikauke. Humo tanini huungana polepole na nyingine hutua chini kama mashapo. Ukakasi unalainika, rangi inatoka zambarau na kwenda rangi ya tofali, na harufu ya tunda inapisha ngozi, tumbaku, uyoga, majani makavu baada ya mvua. Kazi hiyo inahitaji miaka. Chumba chako kikifika nyuzi 30, mambo hayo hayaendi tu haraka, yanaharibika yakiwa njiani. Kanuni ya kawaida ya kemia husema kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi hukaribia mara mbili. Miaka kumi Chikongola si sawa na miaka kumi katika ghala la mawe huko Bordeaux.

Tena si kila Bordeaux imezaliwa kungoja. Chupa chache za mashamba makubwa huishi miaka 20 na zaidi. Zile za bei ya kawaida hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Mvinyo usio na bibo wala ukwaju wa kutosha ukiwa mchanga hauna cha kulainisha utakapozeeka, unafifia tu.

Ushauri wangu: ifungueni mwaka wa tatu wa ndoa. Mpaka hapo, izungushie magazeti, iweke kwenye sanduku la mbao lenye maranda, ilale kwa ubavu ili kizibo kiwe na maji, sakafuni katika chumba cha katikati kisichopigwa na jua la magharibi. Kama mna ndugu Newala, iende huko. Uwanda wa Makonde uko juu na baridi ya Juni na Julai hapo haifanani na ya huku chini. Kuta nene za mawe kama za Boma ya Mikindani, iliyojengwa 1895, zinatuliza joto la mchana pia, lakini wachache wetu tuna nyumba hizo.

Mmoja aliniuliza kama mtungi wa udongo uliolowanishwa utasaidia. Dodoma ungesaidia, kwa sababu hewa ni kavu na maji yanaruka yakibeba joto. Mtwara hewa imeshiba unyevu, maji hayaruki upesi, mtungi unapoa kidogo tu. Friji ya kawaida nayo ni baridi na kavu mno kwa miaka, ila kwa miezi ya joto kali ni afadhali kuliko kabati, umeme ukikaa.

Chini ya chupa nimeona vumbi jeusi na vitu vinavyong'aa kama vipande vya kioo. Nimwage?
*Mwalimu, Newala*

Usimwage, mwalimu. Vumbi ni rangi na tanini zilizotua. Vinavyong'aa ni chumvi ya asidi ya zabibu, inatokea zaidi chupa ikipata baridi, na haina madhara. Simamisha chupa siku nzima, kisha mimina taratibu na uache kidogo chini. Cha kuogopa ni harufu: ikinuka boksi la karatasi lililolowa, kizibo kimeiharibu. Ikinuka siki, hewa imeingia.

Kikundi chetu cha akina mama Tandahimba kinatengeneza mvinyo wa mabibo. Je, nao unaweza kuzeeka kama wa zabibu, tuuze kwa bei kubwa?

Dada zangu, kazi yenu naiheshimu sana. Kila msimu mabibo yanaoza chini ya mikorosho kwa sababu sote tunakimbilia korosho, na bibo likishaanguka halikupi hata siku mbili. Ninyi mnaokoa chakula.

Uraka, ile pombe ya mabibo, mnaujua: asubuhi mtamu, jioni mkali, kesho kutwa siki. Tofauti ya mvinyo na uraka ni usafi, hamira iliyochaguliwa, chombo kilichozibwa hewa isiingie, na subira ya kuuacha utulie na kuuhamisha kutoka kwenye mashapo. Tanini ya bibo ni nyingi mno, hivyo ipunguzeni mapema. Wengine huchuja juisi kwa uji mwepesi wa wanga au kwa jelatini, ambavyo hushikana na tanini na kuzama nazo. Ukakasi ukibaki kama wa tunda bichi, mnunuzi hatarudi mara ya pili.

Kuzeesha, hapana. Juisi ya bibo haina uchachu wa kulinda mvinyo kama ya zabibu, na harufu yake nzuri, ile ya tunda la manjano lililoiva, ndiyo ya kwanza kuondoka. Uzeni ndani ya mwaka, andikeni mwezi wa kutengeneza kwenye lebo, na bei kubwa iletwe na usafi na harufu hiyo ambayo Bordeaux hawawezi kuipata hata wakitaka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kina wataalamu wa korosho na mabibo. Waendeeni, waulizeni, ni taasisi ya umma.

Parokia yetu inaweza kutumia mvinyo huo wa mabibo kwenye misa?
*Katekista, Masasi*

Hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya asili ya tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Chupa ikishafunguliwa inakaa siku ngapi? Na ni kweli mwekundu haunywewi baridi?
*Msomaji, Mtanda, Lindi*

Siku mbili au tatu, kwenye friji, imezibwa. Kuhusu baridi, ule msemo wa “joto la chumba” umetoka kwenye nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Lindi mwezi wa kumi na mbili ni kitu kingine. Weka kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Ukinywewa moto, pombe inapanda puani na kufunika kila kitu.

Upo mvinyo wowote unaolipenda joto letu?
*Nahodha mstaafu, Kilwa Masoko*

Upo, mzee wangu, na swali hili limenifurahisha kuliko yote. Unaitwa Madeira, kutoka kisiwa cha Wareno chenye jina hilo. Mapipa yake yalikuwa yakipakiwa merikebuni na kuvuka maeneo ya joto. Watu wakagundua kwamba mvinyo uliotikiswa na kupashwa moto safari nzima ulirudi na ladha nzuri zaidi kuliko uliobaki ghalani. Siku hizi hausafirishwi tena kwa ajili hiyo. Mwingine hupashwa moto matangini kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu au zaidi, mwingine huachwa kwenye mapipa darini, chini ya paa lenye jua, kwa miaka. Umeongezwa pombe kali, una uchachu mwingi, na umekwisha kuungua kabla haujakufikia, kwa hiyo Desemba ya Kilwa haiutishi. Zipo chupa zake zilizopita miaka mia na bado zinanyweka.

Wareno hao waliiteka Kilwa mwaka 1505, na neno letu “mvinyo” ni lao, “vinho”. Wao pia ndio walioleta mkorosho kutoka Brazili. Nikipata chupa ya Madeira nitaiweka juu ya lile lile kabati la jikoni, Novemba na Desemba, kisha nitakuandikia ilivyotoka.