Usirudishe fremu kwa maneno ya kampeni

Mdogo wangu usirudishe hiyo fremu, chumba chako cha duka. Nimesoma uzi wako mara mbili, eti mgombea udiwani wenu kasema akipita machinga, wauzaji wa barabarani, hawaguswi na ushuru mdogo mdogo unafutwa, kwa hiyo unataka kuachana na fremu ya Mbagala, hela ya kodi uingize kwenye mzigo wa viatu, utoke na meza Kilwa Road, halafu ndo unauliza kuhusu TIN, namba ya mlipa kodi, na ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake. Hapana. Mimi nimepita njia hiyo hiyo Kariakoo na mpaka leo naumia.

Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali, 670,000 kupitia wakuu wa mikoa, kimoja elfu 20, kwa mtu ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Ukiwa nacho husumbuliwi. Kwa mama wa meza ya nyanya ilikuwa nafuu kweli, mgambo walishazoea kubeba vitu vya watu, hilo silikatai. Lakini sisi wa fremu tukaanza kupiga hesabu, mimi nalipa pango, leseni, kodi ya makadirio ya TRA, ushuru wa huduma, na mlangoni kwangu mtu kamwaga viatu vile vile kwa elfu 20 yake, wateja hawafiki hata ndani. Ikaja kampeni ya 2020, ilani ya CCM inasema ajira milioni 8, kila mkutano machinga wanasifiwa, na pale mtaani kuna mmoja anajiita kiongozi wa wafanyabiashara, fulana ya kampeni haimtoki mwilini, kila asubuhi ananipitia: "We unang'ang'ania fremu ya nini? Mzee kashasema, nani atakugusa?"

Nikaachia fremu. Wewe labda hujui kilemba. Kariakoo fremu huipati kwa kodi peke yake, yule anayekuachia unampa kilemba chake kwanza ndo akutolee vitu vyake, na kila mwaka kinapanda. Nikapokea kilemba changu, nikakiingiza chote kwenye viatu vya kike, nikachongesha meza ya mbao yenye droo na kufuli, leseni nikaiacha iishe, nikachukua na mimi kitambulisho. Miezi ya mwanzo niliuza sana, sikudanganyi, na hapo ndipo ubaya ulipo maana unaongeza mzigo.

Oktoba 2021 tukaambiwa wote tutoke barabarani twende maeneo tuliyopangiwa. Magufuli alishafariki Machi mwaka ule. Nikatoa kile kitambulisho nikampa mgambo. Changu hakikuwa na picha wala jina langu. Akakigeuza, akasoma nyuma, akanirudishia, akasema mzee toa meza. Basi. Nikarudi kutafuta fremu, kilemba kimeshapaa huko siwezi kukigusa, mzigo wote umelala stoo nalipia kwa gunia, na viatu vya kike vikipitwa na fasheni unauza kwa bei ya kuumiza roho. Yule wa fulana? Siku sisi tunang'oa meza, yeye kizimba chake, sehemu ya kuuzia, soko jipya kipo tayari, cha mlangoni kabisa. Simu hapokei. Watu hawa wapo kila uchaguzi, hawana hata stuli ya kuuzia karanga ila wanajua mtaji wako uende wapi.

Sasa shika hili moja: mtu akiahidi, uliza IMEANDIKWA WAPI. Ushuru wa halmashauri unawekwa kwa sheria ndogo, inapita baraza la madiwani, inaidhinishwa na waziri, inatoka kwenye Gazeti la Serikali. Diwani wako ana kura moja tu mle ndani. Na hiyo barabara unayotaka kuweka meza si yake kabisa, barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu hifadhi ya barabara mita 30 kila upande kuanzia katikati, pima kwa hatua uone kama meza yako itakuwa nje. Serikali ikitaka jambo lishike inaandika, si mliona Julai 2025 ilipozuia wageni kufanya biashara 15, ilitoka amri kwenye Gazeti, kuanzia uwakala wa pesa za simu mpaka ufundi simu. Hiyo ndo unaweza kuipangia hela. Neno la kwenye maiki huwezi kumwonyesha mgambo.

Nenda halmashauri kamuone afisa biashara, omba nakala ya sheria ndogo ya ushuru inayotumika leo, sio ya mwaka kesho. Mkimpata huyo mgombea mtaani kwenu msimame mumuulize mbele ya watu atapeleka hoja gani barazani na ataziba wapi pengo la mapato, muone kama atajibu.

Mwenye nyumba umeshamwambia unahama? Kama bado, nyamaza, lipa kodi yako, viatu panga hapo hapo ndani.