Barua kwa mwanangu: kuhusu ile PhD ya protini

Mwanangu Rehema,

Baada ya salamu, sisi huku Muheza hatujambo, na bibi yako kikohozi kimemwacha. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza: "Mama, ni haki kweli nitumie miaka minne nikitazama umbo la protini moja, wakati hospitali zetu hazina wahudumu?" Tena unasema umeona nafasi Heidelberg, Cambridge na Cape Town, hujui uombe wapi.

Nianze na hilo la kwanza, maana ndilo lililoninyima usingizi. Miaka 26 nimekaa maabara. Damu ya mtoto anayeshukiwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tunaidondosha kwenye slaidi, tunaichanganya na dawa ya kuondoa oksijeni, tunafunika, tunasubiri. Kisha naziona seli zinajikunja. Kila nikiziona namuwaza mama aliyekaa nje kwenye benchi.

Kinachozikunja hakikujulikana wodini, mwanangu. Kilijulikana kwa watu waliokubali kukaa na protini moja. Mwaka 1956 mwanasayansi Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge katika kitengo cha mwenzake Max Perutz, alionyesha kwamba himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ya mwenye selimundu imetofautiana na ya kawaida mahali padogo mno. Leo tunapajua: mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayoiunda himoglobini, una asidi amino 146, ambazo ni kama shanga zake, na ni ya 6 peke yake iliyobadilika: asidi amino iitwayo valini ikakaa mahali pa nyingine iitwayo asidi glutamiki. Perutz mwenyewe alianza kulitafuta umbo la himoglobini mwaka 1937, akaliona 1959. Miaka 22! Kwa sababu umbo linajulikana, tunaelewa sasa kwamba oksijeni ikitoka, ile valini inajipachika kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, na hiyo kwa jirani yake, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli. Umbo la protini na maisha ya seli ni habari moja, na mimi nimeitazama miaka yote hii kwenye slaidi.

Basi usiseme tena kwamba unawakimbia wagonjwa.

Sasa pa kuomba. Heidelberg ndiyo makao makuu ya EMBL, maabara ya pamoja ya nchi za Ulaya. Mwanafunzi wa PhD pale analipwa, na kazi zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kijerumani kisikutishe. Cambridge kumbuka kukubaliwa ni jambo moja na kupata fedha ni jingine. Ufadhili wa Gates Cambridge hulipa ada na matumizi, ila uombe mapema. Marekani hukuitaja. Kule ni miaka mitano au zaidi, lakini programu nyingi humpokea mwenye shahada ya kwanza kama wewe, na mwaka wa kwanza unazungukia maabara kadhaa ndipo uchague moja. Hilo nalipenda sana.

Cape Town nayo usiipite haraka. Aaron Klug alikulia Durban, akasoma Witwatersrand, akachukua shahada ya pili hapohapo Cape Town, ndipo akaenda Cambridge. Mwaka 1982 alipata Nobeli kwa kuzifanya picha za hadubini ya elektroni zitoe umbo kamili la molekuli. Shahada ya pili karibu na nyumbani haikumchelewesha.

Lakini kabla ya chuo, chagua msimamizi. Binti mmoja niliyefanya naye kazi alifuata jina kubwa la chuo. Msimamizi wake alionana naye mara mbili kwa mwaka, na alirudi hana shahada wala furaha. Kwa hiyo waandikie wanafunzi waliomaliza chini ya huyo unayemtaka. Waulize walimaliza kwa miaka mingapi, na hadubini kubwa ya elektroni wanaipata kwa foleni ya siku au ya miezi. Waulize pia mashine ikiharibika au jaribio likigoma mwaka mzima, msimamizi hufanya nini. Akijibu mmoja tu kwa kusitasita, niambie tulizungumze.

Vyeti vyako halisi viko kwenye kasha la bibi. Niambie unavihitaji lini, nivipeleke Tanga kwa wakili agonge mhuri nakala zake. Nauli ninayo.

Mama yako