Re: Tunajuaje nyota ya nyutroni ina mwenza?
Mkuu umeuliza tunajuaje nyota ya nyutroni (kile kiini kidogo kizito sana kinachobaki nyota kubwa ikilipuka) ina mwenza, yaani nyota nyingine inayozungukana nayo, wakati kwenye eksirei tunaona mapigo yake tu, ile mimweko inayotufikia kila ikijizungusha. Jibu liko humohumo kwenye mapigo. Chukua Centaurus X-3, nyota ya nyutroni mojawapo, inapiga kila baada ya sekunde 4.8 hivi, sasa ikiwa inakuja upande wetu mapigo yanabanana kidogo, ikiwa inaenda mbali yanaachana, na hiyo inajirudia kila siku 2.1, tena kuna muda eksirei zinakatika kabisa maana mwenza wake mkubwa kaikinga. Hata usipomwona huyo mwenza hesabu inamtoa. Mapigo hayo yaligunduliwa 1971 na Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei, ile iliyorushwa toka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na mi nikikumbuka hilo nafurahi kweli.

Ulivyouliza kuhusu spidi, yaani kwa nini nyingine zinajizungusha kasi sana, gesi toka kwa mwenza haidondoki moja kwa moja, inazunguka kwanza kwenye diski ya gesi kandokando ya nyota ya nyutroni, halafu ikitua inaiongezea nyota mzunguko. Ndo maana nyota nyingine ya nyutroni, SAX J1808.4-3658, inajizungusha mara 401 kwa sekunde.