Shangazi, natoka Kariakoo mikono mitupu

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimepanga chumba na sebule huku Mbezi tangu Machi. Madirisha mawili ya sebuleni hayana mapazia hadi leo, nimetundika khanga. Hela ninayo, nimetenga 120,000. Nimekwenda Kariakoo Jumamosi nne. Kila duka ninaloingia naona kitambaa kizuri kuliko cha duka nililotoka, naduwaa, napiga picha, narudi nyumbani. Sasa simu ina picha 86 za vitambaa, na usiku nazipitia mpaka usingizi unaruka. Wala si mapazia tu. Kifurushi cha intaneti kinanimalizia nusu saa: cha siku, cha wiki, cha usiku, chenye dakika, kisicho na dakika. Nikishanunua, naona kile kingine ndicho kilikuwa na nafuu. Ofisini wananiita Mchagua Nazi. Je, nina ugonjwa?

Mwenye Dirisha la Khanga, Mbezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Ugonjwa huna. Una Kariakoo.

Nimeuza khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru miaka 19, mpaka miguu ikakataa, na wateja wa aina yako nawajua kwa sauti: “Ngoja nizunguke kwanza, nitarudi.” Harudi. Mwanzoni nilikuwa nawalaumu wao, kumbe kosa lilikuwa langu pia. Mtu akiingia nashusha rafu nzima, namwagia mezani doti arobaini, nikidhani ndio ukarimu. Anashika hii, anashika ile, anauliza bei, jasho linamtoka, anaaga. Jirani yangu wa duka, mzee wa Kipemba, akanicheka wiki nzima kabla ya kunifundisha: muulize kwanza ni ya harusi, ya msiba au ya kushindia, kisha toa nne. Basi nikawa natoa nne. Walikuwa wananunua, na zile thelathini na sita zipo palepale nyuma yangu, wala hawaziulizi.

Binti yangu mwalimu aliposikia kisa hiki aliniambia kuna wasomi wa Marekani, Sheena Iyengar na Mark Lepper, waliochapisha jambo kama hilo mwaka 2000. Waliweka meza ya jamu katika duka moja California. Ilipokuwa na aina 24, watu wengi zaidi walisimama kuonja, lakini walionunua ni 3 katika kila 100. Ilipokuwa na aina 6, walionunua walifika 30 katika kila 100. Wengine waliojaribu baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo usiende kuyaapia. Mimi naamini meza yangu.

Na usinifanye niusifie wakati wa zamani. Mwaka 1983 nilipanga foleni duka la kaya, lile la bidhaa za mgao, nikapewa doti moja, rangi ya ugoro, ninayoichukia mpaka kesho. Sikupoteza usingizi kuchagua, ni kweli. Niliupoteza kwa kuamka saa kumi alfajiri.

Sasa hilo jina lako. Wanaokutania kwamba mchagua nazi hupata koroma, waulize kama wamewahi kununua nazi. Mnunuzi wa nazi anachagua! Anaokota moja, anaitikisa sikioni. Maji yakicheza ndani, imekomaa. Koroma limejaa maji, halichezi. Anatazama macho ya nazi, yakiwa na unyevu au ukungu anairudisha. Ikipita hapo inaingia kikapuni. Hapekui fungu zima kutafuta nazi bora kuliko zote sokoni. Wa kupata koroma ni yule anayetikisa ya hamsini, sikio limeshachoka.

Wewe unaingia Kariakoo hujui unasikilizia nini. Kabla ya Jumamosi pima madirisha, urefu na upana, uandike. Andika rangi ya makochi yako. Kwenye hiyo 120,000 toa kwanza ya fundi, maana fundi wa mapazia hashoni kwa shukrani. Kisha amua mambo mawili tu ambayo huachi: kwa mfano, kizuie jua la mchana, na kisichuje rangi kikifuliwa. Ingia maduka matatu. Kitambaa cha kwanza kitakachotimiza hayo, mwambie akate. Kikishakatwa hakirudishwi, na hapo ndipo utakapopumzika. Ukitoka nje, pita njia ya daladala moja kwa moja, usiulize bei popote, na ukiwa ndani ya gari futa picha zote 86. Najua itauma.

Kifurushi ni rahisi zaidi. Chagua kimoja cha wiki, kinunue kila Jumatatu, hichohicho, bila kusoma orodha. Utapunjwa shilingi mia mbili tatu. Nusu saa yako ya kila siku haina bei hiyo?

Uhodari wako wa kuzunguka uutunzie mchumba. Huyo mzungukie hata Jumamosi arobaini, na wala usinunue.

Halafu hiyo khanga ya dirishani, umeitundika maandishi yakitazama ndani au nje? Kama ni nje, majirani wanaisoma tangu Machi. Niandikie jina lake upesi, maana kama ni ya mafumbo, huenda umeshagombana na mtaa mzima na hujui.