Sukari ya kahawia na nyeupe: zote zimetoka kwenye muwa

Dada uliyeuliza kama sukari ya kahawia tunayonunua hapa Moshi imetiwa rangi: hapana, hiyo ndiyo rangi yake. Pale kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, muwa ukishakatwa haulali shambani, maana utamu huanza kupungua. Unasagwa, maji yake yanatiwa chokaa na kupashwa moto ili uchafu utuame, kisha yanachemshwa kwenye mitambo isiyo na hewa hadi yawe mazito na punje zianze kujijenga. Hapo ndipo penye siri: mchanganyiko unazungushwa kwa kasi kubwa, molasi (ule urojo mweusi wa muwa) inaruka pembeni, sukari inabaki. Molasi kidogo inayong'ang'ania kwenye punje ndiyo ule ukahawia na harufu yake nzuri. (Makapi ya muwa nayo huchomwa kuzalisha umeme.)

Ili kupata nyeupe kabisa, hiyo ya kahawia huyeyushwa tena, ikachujwa na kuondolewa rangi, kisha ikagandishwa upya. Viwanda vya soda huitaka hiyo. Sukari ya unga ya kupambia keki ni nyeupe iliyosagwa, mara nyingi na wanga kidogo isigande. Sukari guru haitenganishwi na molasi, ndiyo maana ni nyeusi na nzito.

Kuhusu mama yako mwenye kisukari, tafadhali msimpe ya kahawia mkidhani ni salama. Madini yaliyomo ni kidogo mno, na mwilini inapandisha sukari sawa na nyeupe.