Mazda 787B inazunguka ukitoka kwenye kona

Ndugu yangu, umesema 787B yako kwenye Gran Turismo 7, mchezo wa video wa mbio za magari, inageuka nyuma-mbele kila ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona. Usiguse nguvu za injini kwanza! Gari hili lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo anzia huko: ongeza mkandamizo wa hewa nyuma (hewa inayobana gari chini), kisha legeza kidogo stabilaiza ya nyuma (chuma kinachozuia gari kulalia upande). Bado linateleza? Punguza ukazaji wa difu (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) wakati wa kukanyaga mafuta, maana ikikaza sana magurudumu yote mawili huteleza pamoja. Badilisha kitu kimoja, piga raundi tatu, ndipo uguse kingine. Na mafuta ongeza kadiri usukani unavyonyooka. Mimi hilo lilinisaidia kuliko yote.